Kuchoka Hadharani

Msikilizaji wa Kiswahili akikutana na maneno "ana taban" kwa mara ya kwanza, hulitambua neno la pili kabla hajauliza ni lugha gani. Taban ni taabani. Mgonjwa yuko taabani, msafiri kafika taabani. Neno la kwanza ndilo linaloweza kumpotosha, maana "ana" hapa si ya mtu mwenye kitu bali ni "mimi" ya Kiarabu. Nimechoka. Ndivyo inavyosemwa katika Kiarabu cha Juba, lugha iliyoanzia kwenye kambi za askari za karne ya 19 na kukulia sokoni, ambayo kwayo muuza mboga wa soko la Konyokonyo na dereva wa boda boda huelewana hata kama mmoja kwao ni Bari na mwingine kwao ni Nuer.

Mwaka 2016 maneno hayo mawili yaligeuka jina la kundi. Julai ya mwaka huo ilikuwa mbaya mjini Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini. Sherehe za miaka 5 ya uhuru zilikuwa zimeshafutwa kwa kukosa fedha, na siku moja kabla ya siku yenyewe, tarehe 9, risasi zikaanza kurindima karibu na ikulu, Rais Salva Kiir na makamu wake Riek Machar wakiwa ndani ya jengo moja. Hadi mapigano yalipotulia tarehe 11, mamia walikuwa wamekufa na Machar alikuwa njiani kutoka mjini. Waimbaji, wachoraji, waigizaji na washairi vijana wa Sudan Kusini walikutana Nairobi, wakajiuliza wafanye nini, wakatoka na jibu la maneno mawili. Hawakuchagua "tunadai" wala "tunapinga". Walisema wamechoka: na vita, na njaa, na kuitwa kwa majina ya makabila yao kila bunduki inapohitaji mshikaji.

Uchaguzi huo wa neno haukuwa wa bahati. Mtu aliyelelewa Juba anajua kupima umbali uliopo kati ya kulalamika na kushitaki. Anayelalamika anaweza kuachwa aende zake, lakini anayeshitaki hutafutwa. Ili kuelewa kwa nini kizazi kizima cha wanamuziki kilijifunza kupima hivyo, inabidi kurudi nyuma, hadi kwenye nyimbo ambazo hazikuwahi kupitia studio.

Katika kambi za ng'ombe za Wadinka, wimbo ni mali. Kijana huwa na wimbo wa dume lake, wimbo wa ukoo wake, wimbo wa malalamiko yake, na si lazima autunge mwenyewe. Francis Mading Deng, mwanasheria na mwanadiplomasia aliyechapisha kitabu cha nyimbo hizo mwaka 1973, ameeleza jinsi mtu anavyokwenda kwa fundi wa kutunga, akamsimulia mambo yake yote, nani kamdhulumu, ng'ombe gani hawakulipwa, mjomba gani kavunja ahadi, kisha fundi akayafunga kwa mahadhi na kumkabidhi mwenyewe akaimbe. Tangu hapo wimbo ni wa aliyeuagiza. Akisimama nao mbele ya watu, anasimama na madai yake. Ziko nyimbo za rika za kutukanana, ziko za kutoa uchungu moyoni, na ziko zilizotungwa gerezani na watu waliofungwa na serikali za kikoloni na zilizofuata. Angela Impey, mtafiti wa muziki aliyerekodi nyimbo za Wadinka, aliziona zikifanya kazi ya ushahidi: mtu anataja tarehe, majina na hasara, na wasikilizaji wanakuwa baraza.

Haina maana kwamba zamani kila mtu alisema alichotaka. Tusi lina fidia yake, na fidia hulipwa kwa ng'ombe. Tofauti ni kwamba mipaka ilikuwa inajulikana, iliwekwa na watu wanaofahamiana, na aliyeivuka alilipa mbele ya wazee mchana kweupe, kisha akarudi kwake.

Muziki wa mjini ulikuja kwa njia nyingine. Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 ulipomaliza vita vya kwanza vya Kusini, Juba ikawa makao makuu ya serikali yenye madaraka ya ndani, na mji ukapata pumzi. Kumbi za dansi zilijaa. Bendi kama Skylarks na Rejaf Jazz zilipiga muziki uliokuwa umekunywa maji ya Kampala na Nairobi, gitaa za Kikongo zikiwa mbele. Miaka hiyo ndiyo wazee wa Juba huitaja wakitaka kuthibitisha kwamba mji wao uliwahi kulala saa nane za usiku kwa hiari.

Kisha ukaja 1983. Rais Jaafar Nimeiri aliivunja serikali ya mkoa wa Kusini, akatangaza sheria za Kiislamu mwezi Septemba, na John Garang akaingia msituni na jeshi la waasi la SPLA. Kwa miaka mingi Juba ilikuwa kisiwa: jeshi la Khartoum ndani, waasi nje, mabomu ya ardhini katikati, chakula kikija kwa ndege. Juni na Julai 1992 SPLA iliushambulia mji mara mbili ikakaribia kuuteka, na iliposhindwa, kisasi kikaanza. Askari, polisi, maafisa wa magereza na watumishi wa serikali waliodhaniwa kuwasaidia waasi walikamatwa kwa mamia. Wengi walipelekwa kwenye jengo lililomo ndani ya kambi ya jeshi, ambalo wenyeji waliliita White House, Nyumba Nyeupe. Jina hilo lilikuwa mzaha wa watu wenye hofu. Waliopelekwa huko kwa sehemu kubwa hawakuonekana tena, na wengi hawakuwahi kusomewa mashitaka.

Khartoum kwenyewe, baada ya Omar al-Bashir kutwaa madaraka Juni 1989, wanamuziki walikuwa wamegeuzwa kundi la kushukiwa. Abu Araki al-Bakheit alikamatwa na kuzuiwa kuimba nyimbo za siasa. Mohammed Wardi, mwimbaji mkubwa kuliko wote nchini, ambaye aliwahi kufungwa pia enzi za Nimeiri, aliondoka kwenda uhamishoni. Mwaka 1990 alifanya jambo ambalo watu wa Kusini hawajalisahau: alikwenda Itang, kambi ya wakimbizi wa Sudan Kusini ndani ya Ethiopia, akawaimbia. Mnubi kutoka Kaskazini, anayeimba kwa Kiarabu, mbele ya umati wa watu waliokimbia mabomu ya serikali inayozungumza Kiarabu hichohicho. Novemba 1994 mtu mwenye kisu aliingia katika klabu ya wanamuziki mjini Omdurman, akamuua mwimbaji Khojali Osman na kumjeruhi mwenzake, Abdel Gadir Salim.

Kwa watu wa Kusini mambo yalikuwa hivyohivyo. Emmanuel Kembe, aliyeimba kwa lugha ya mtaani akiikejeli serikali, alikamatwa miaka hiyo ya 1990, akakimbia, na safari yake ikaishia Marekani. Wenzake waliobaki vijijini na kambini waligundua chombo ambacho hakuna askari aliyejua kukidhibiti vizuri: kaseti. Mtu aliimba madai yake ndani ya redio ndogo yenye kinasa sauti, akaitia kaseti mfukoni mwa msafiri, nayo ikatoka kambi ya ng'ombe hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kutoka Kakuma hadi Nairobi, kutoka Nairobi hadi Australia. Ilikuwa barua, ilikuwa gazeti, ilikuwa hati ya madai. SPLA nayo ilikuwa na nyimbo zake, zilizofundishwa katika kambi za mafunzo za Ethiopia kama Bilpam na Bonga, na jeshi lile liliimba kadiri lilivyopiga risasi. Hili linafaa kukumbukwa na kila anayeshangaa kwamba serikali ya leo inaogopa nyimbo. Watu walioko madarakani Juba walilelewa na nyimbo, na wanajua zinaweza kufanya nini.

Amani ilipotiwa saini Januari 2005, mwaka huohuo ilitoka albamu ya kustaajabisha. Iliitwa Ceasefire, na waimbaji wake walikuwa wawili. Mmoja ni yule Abdel Gadir Salim aliyenusurika kisu cha Omdurman. Mwingine ni Emmanuel Jal, Mnuer aliyekuwa askari mtoto wa SPLA kabla ya Emma McCune, mfanyakazi wa misaada kutoka Uingereza, kumpenyeza hadi Nairobi. Wimbo wa Jal uitwao "Gua", neno la Kinuer linalohusu amani na wema, ulichezwa sana Kenya, nao ulichanganya Kinuer, Kidinka, Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili bila kuomba radhi.

Uhuru ulikuja 9 Julai 2011. Wimbo wa taifa ulipatikana kwa shindano la wazi, na walioshinda ni wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Juba. Jina lake linamalizikia na "oyee", kelele ambayo kila aliyewahi kuhudhuria mkutano wa siasa kuanzia Mwanza hadi Mombasa anaijua. Katiba ya mpito ya mwaka huo, ibara ya 24, ilimpa kila raia uhuru wa kujieleza, kupokea na kusambaza habari, na papo hapo ikauwekea ua: utulivu wa umma, usalama na maadili, kama sheria itakavyoeleza. Na sheria ilikuwa imeshaeleza. Kanuni ya Adhabu ya 2008, iliyotungwa Kusini ilipokuwa bado sehemu ya Sudan, ina kifungu cha 75 kinachoadhibu taarifa za uongo zenye madhara kwa nchi na cha 76 kinachoadhibu kumtukana rais au kudhoofisha mamlaka yake. Taifa jipya lilizaliwa na vifungu hivyo mkononi, kama mtoto aliyezaliwa na meno.

Haikuchukua hata miezi minne kuvijaribu. Oktoba 2011 gazeti la The Destiny lilichapisha safu iliyomkosoa rais kwa kumwoza binti yake kwa Mwethiopia. Mwandishi wa safu, Dengdit Ayok, na mhariri wake, Ngor Garang, walikamatwa na maafisa wa usalama wakashikiliwa kwa wiki mbili na zaidi. Hawakufikishwa mahakamani. Walitolewa, na gazeti likajua pa kukomea. Ukitazama nyuma, safu ile ndogo ya udaku ilifundisha zaidi kuliko ibara ya 24, kwa sababu ilionyesha mapema adhabu ya Juba itakuwa ya namna gani.

Septemba 2012 Emmanuel Jal alikuwa mjini akiandaa tamasha la Siku ya Amani ya Kimataifa, tarehe 21 ya mwezi huo. Kwa maelezo yake mwenyewe, polisi walimsimamisha barabarani usiku, wakamnyang'anya simu, wakampiga hadi akapoteza fahamu. Aliyenusurika vita akiwa mtoto na silaha begani alipigwa akiwa mtu mzima na matangazo ya amani, katika mji mkuu wa nchi aliyoipigania. Miezi mitatu baadaye, Desemba 5, mwandishi wa makala aliyetumia jina la Isaiah Abraham alipigwa risasi na kufa nyumbani kwake mjini humo.

Wakati huohuo, mbali na makala na ngumi, Juba ilikuwa inaimba kuliko wakati wowote tangu Skylarks. Vijana waliorudi kutoka Kampala, Nairobi, Khartoum na Marekani walileta rege, hip hop na dancehall. Kituo cha Utamaduni cha Nyakuron, chenye ukumbi wa kale wa serikali, kikawa mahali pa kila kitu: harusi, mikutano ya chama, mashindano ya urembo, muziki. Mwaka 2014, vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyozuka Desemba 2013, vikiwa na miezi michache tu, ukumbini hapo pakaanza onyesho la vichekesho liitwalo Kilkilu Ana, yaani nitekenye, kila Alhamisi. Mji uliozikana Desemba 2013 ulikuwa unaomba kutekenywa.

Vita hivyo ndivyo vilivyozaa chombo kilichobadilisha kila kitu. Oktoba 2014 bunge lilipitisha sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa, ikiwapa maafisa wake uwezo wa kukamata, kupekua na kushikilia watu. Rais hakuitia saini. Siku 30 za kikatiba zikapita kimya, na mwanzoni mwa 2015 waziri wa sheria akatangaza kwamba imekuwa sheria kwa kupita huko kwa siku. Makao makuu ya idara hiyo yako eneo la Jebel, na kwa ajili ya rangi ya vioo vyake watu huyaita Blue House. Mji uliowahi kuwa na Nyumba Nyeupe ulikuwa umepata ya bluu, na wazee waliokumbuka 1992 hawakuhitaji kuelezwa tofauti.

Agosti 2015 Rais Kiir aliwaambia waandishi kwenye uwanja wa ndege kwamba uhuru wa habari haumaanishi kufanya kazi dhidi ya nchi, na akagusia kifo. Siku chache baadaye mwandishi Peter Julius Moi aliuawa kwa risasi akitoka kazini. Msemaji wa rais alidai maneno yalieleweka vibaya. Julai 2016, moshi wa mapigano haujaisha vizuri, Alfred Taban, mhariri mkongwe wa Juba Monitor, aliandika kwamba Kiir na Machar wote wawili wameshindwa na wapishe wengine. Alikamatwa, akakaa kizuizini karibu wiki mbili. Jina la ukoo wake, kwa sadfa, lilikuwa lilelile neno.

Katika hali hiyo ndipo Ana Taban walipochukua rangi za bendera yao, wakajipaka usoni na kuingia mitaani. Mwimbaji Manasseh Mathiang na mwigizaji Jacob Bul Bior walikuwa miongoni mwa wasemaji wao. Abul Oyay, mchoraji, aliongoza kazi ya kuchora kuta za mji. Waigizaji walitega michezo yao sokoni bila jukwaa: wawili wanaanza kugombana kama wagombanavyo watu wa kawaida, umati unajaa, ugomvi unageuka hadithi ya ukabila na bei ya unga, na watu wanajikuta wanajadiliana wenyewe kwa wenyewe. Mwishoni mwa 2016 walianzisha kampeni ya kuutaka mwaka 2017 upite bila kumwaga damu. Haukupita hivyo. Lakini walikuwa pia na tamasha lao, nalo waliliita Hagana, "yetu", neno ambalo ndani yake msikilizaji wa Kiswahili ataisikia haki.

Walisalimikaje? Sehemu ya jibu imo katika sarufi. Nyimbo zao zilisema "sisi" na "nimechoka", na mara chache sana zilisema "wewe fulani". Mkosoaji mkali anaweza kuuita huo woga. Si haki kuuita hivyo. Fundi wa kambi ya ng'ombe angeutambua mara moja: ni ufundi wa kumpa mtu wimbo atakaoweza kuusimamia na kurudi nao nyumbani. Sehemu nyingine ya jibu ni kwamba hawakusalimika kabisa. Kuishi Juba ukiwa msanii wa namna hiyo ni kuishi na simu zisizojulikana zinatoka wapi, na ukumbi uliolipiwa ambao kibali chake kinachelewa hadi saa ya onyesho imepita.

Shirika la Amnesty International lilichapisha ripoti Februari 2021 iliyobeba methali ambayo Waswahili wanaijua tangu utotoni: kuta zina masikio. Ilieleza jinsi Idara ya Usalama wa Taifa ilivyotaka kuidhinisha mikutano na shughuli kwenye hoteli za Juba, pamoja na orodha ya wazungumzaji, na jinsi kampuni ya Israel iitwayo Verint ilivyoipatia serikali mitambo ya kunasa simu walau kati ya 2015 na 2017. Mtandao wa namna hiyo hauhitaji kusikia kila kitu. Watu wakiamini unasikia, inatosha.

Hapa ndipo Juba inapotofautiana na majirani zake, na tofauti hiyo ina uzito. Mashariki mwa Kongo, mahakama ya kijeshi ya Beni ilimhukumu mwimbaji Idengo, aliyeimba kwa Kiswahili, kifungo cha miaka 10 mwaka 2021 kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa za kumtukana mkuu wa nchi. Februari 2025, Goma ikiwa tayari mikononi mwa waasi wa M23, alipigwa risasi akafa mjini humo. Tanzania, Machi 2017, Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake "Wapo", kisha Rais John Magufuli mwenyewe akaagiza aachiwe na wimbo upigwe, hata akapendekeza wengine wa kuongezwa humo. Uganda ilimzuia Bobi Wine kwa vibali vya matamasha miaka kadhaa. Katika nchi hizo pana karatasi: hati ya mashitaka, barua ya polisi, tamko la waziri. Mtu anaweza kukata rufaa dhidi ya karatasi. Mwanamuziki wa Juba aliyepigwa usiku hana namba ya kesi.

Mtu aliyewahi kuipata karatasi hiyo Juba hakuwa mwanamuziki. Peter Biar Ajak, mchumi aliyekuwa akiandaa mashindano ya mieleka kwa ajili ya amani na kuwahimiza viongozi wa kizazi cha vita wapishe vijana, alikamatwa uwanja wa ndege Julai 2018, akapelekwa Blue House. Oktoba wafungwa waliasi ndani ya jumba hilo, naye akazungumza na vyombo vya habari vya nje. Juni 2019 alihukumiwa miaka 2, na kosa lililosalia mwishoni lilikuwa kuvuruga amani kwa mahojiano hayo. Alikamatwa kwanza, kosa lake likatokea akiwa tayari ndani. Rais alimsamehe Januari 2020.

Mwezi mmoja baada ya hukumu ile, Julai 2019, waziri wa habari Michael Makuei Lueth alitangaza kwamba wimbo wa taifa usiimbwe tena ila mbele ya rais. Balozi na shule ziliachwa nje ya katazo. Maelezo yalikuwa kwamba watu wanautumia vibaya, kila afisa anaimbiwa kwenye kila hafla, na pengine kweli walikuwa wanazidisha. Lakini wimbo ulioingia kwenye shindano ukiwa wa chuo kizima, ukashinda ukawa wa taifa zima, miaka 8 baadaye ulihitaji mtu mmoja awe ukumbini ndipo utoke kooni. Mzee wa kambi ya ng'ombe angeuliza: aliyeuagiza ni nani, hata uwe wake?

Agosti 2021 muungano wa wanaharakati uliita maandamano ya kitaifa ya tarehe 30 kuutaka uongozi mzima ujiuzulu. Gavana wa zamani Kuel Aguer Kuel alikamatwa mapema mwezi huo, Radio Jonglei na ofisi ya taasisi ya utafiti ya Sudd zikafungwa, na siku yenyewe intaneti ikazimwa huku barabara za Juba zikijaa askari. Barabara zilikaa tupu. Desemba 2022 ilikuja kamera: video ilionyesha suruali ya rais ikilowa wakati wimbo wa taifa ukipigwa kwenye uzinduzi wa barabara, na Januari 2023 wafanyakazi 6 wa shirika la utangazaji la taifa, SSBC, wakakamatwa kwa kushukiwa kujua jinsi ilivyovuja.

Waliochoka wakaondoka. Nairobi na Kampala zimejaa studio ndogo za wanamuziki wa Sudan Kusini, lakini hata Nairobi si mbali vya kutosha. Januari 2017 wakili Dong Samuel Luak na mwanasiasa Aggrey Idri walitekwa mjini humo kwa siku mbili mfululizo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka 2019 kwamba kwa uwezekano mkubwa walisafirishwa hadi Juba na kuuawa nje kidogo ya mji. Mwimbaji anayeishi South B au Eastleigh anaifahamu habari hiyo kwa tarehe zake.

Julai 2024 bunge la Juba liliipitisha sheria ya usalama iliyorekebishwa. Watetezi wa haki walikuwa wametegemea kwamba uwezo wa kukamata bila hati ungeondolewa, kama mazungumzo ya utekelezaji wa mkataba wa amani wa 2018 yalivyoelekea. Ulibaki. Rais, kwa mara ya pili, hakutia saini. Siku 30 zikapita. Agosti ikawa sheria. Mara zote mbili sheria kubwa kuliko zote juu ya midomo ya watu ilizaliwa bila jina la baba kwenye cheti.

Januari 2025, baada ya video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini mjini Wad Madani, Sudan, kusambaa na maduka ya Wasudani kuvamiwa mjini Juba, mamlaka ya mawasiliano iliagiza Facebook na TikTok zifungwe kwa muda ambao ungeweza kufika siku 90. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli, damu ilikuwa imemwagika. Amri iliondolewa ndani ya wiki moja. Katika siku hizo chache, pamoja na picha za mauaji, zilitoweka pia nyimbo: za Melbourne, za Kakuma, za Nairobi, za vijana wa mitaa ya Juba ya Gudele na Munuki wanaoimba mbele ya simu iliyosimamishwa kwenye tofali. Enzi ya kaseti, askari wa Khartoum aliyetaka kufanya kazi hiyo angelazimika kupekua mikoba ya abiria mmoja mmoja.